Seti ya lenzi tatu za darubini: lenzi nimezisamehe, muuzaji bado

"Dada, mpe mwanamume hapo nyumbani akufungie."

Hilo ndilo jibu nililopewa na duka moja la Mombasa nilipowapigia kuwaambia kwamba lenzi walizoniuzia haziingii kwenye darubini yangu. Nyuma ya sauti ya muuzaji nilimsikia mtu mwingine akicheka. Duka silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Lakini jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu kabla ya kusi, na leo nalitoa.

Darubini yangu ni ile ya kuanzia, wengi mnayo: kioo cha mbele milimita 70, urefu wa fokasi 700. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 20 na ya milimita 4. Hesabu yake ni nyepesi, unagawanya 700 kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi. Ya 20 inakuza mara 35, mwezi mzima unaingia na nafasi inabaki. Sina ugomvi nayo. Ya 4 inakuza mara 175, na hiyo ni balaa tupu. Kioo cha milimita 70 hakikusanyi mwanga wa kutosha kwa ukuzaji huo. Ukipita mara 140 hivi unachokuza ni ukungu. Tena tundu la kuchungulia ni dogo mno, sharti jicho liguse kioo. Mimi navaa miwani na napaka wanja, kwa hivyo miwani naivua, na asubuhi nakuta duara nyeusi juu ya lenzi na alama za kope. Halafu Zohali ukishaihangaikia ukaipata, haikai hata dakika moja. Dunia inazunguka, lenzi inaonyesha kijisehemu tu cha mbingu, sayari imeshatoka pembeni. Watoto wa dada yangu wanapanga foleni sakafuni juu: wa kwanza anaona, wa pili anaona giza, wa tatu analia.

Nikataka ya kati. Ya 10 au ya 12, basi.

Nikaona tangazo la seti: lenzi ya 20, ya 12.5, ya 4, na lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji wa lenzi nyingine mara tatu, zote kwa Ksh 3,800. Kwa maandishi makubwa mekundu: INAKUZA MARA 525. Kwa hesabu ya darasani si uongo, 175 mara 3 ni 525. Ila hakuna kitu mbinguni utakachokiona kwa ukuzaji huo na kioo cha milimita 70. Galileo aliiona miezi minne ya sayari ya Mushtara mwaka 1610 kwa darubini ya kukuza kama mara 20, na huyu ananiuzia 525. Hapo nilijua tangazo linapiga chuku, na hilo sikujali. Nilikuwa nataka ile ya 12.5 tu, hizo nyingine zije kama nyongeza.

Kabla ya kutuma pesa niliuliza. Niliuliza vizuri, kwa maandishi: "Mrija wa lenzi ni ule wa inchi moja na robo, au ule mwembamba?" Jibu ninalo hadi leo kwenye simu: "Inaingia zote dada usijali."

Usijali.

Mzigo ukapanda basi hadi Mokowe, kivukoni kwa kwenda Lamu, ukavuka kwa boti, nikaulipia tena pale jeti, nikaufungua barazani hata buibui sijavua. Kisanduku kizuri, sponji nyeusi, kila lenzi na shimo lake. Nikachukua ya 12.5 nikaiingiza kwenye kiwiko, kile kipande cha kona kinachoshika lenzi. Ikatumbukia. Nikakaza skrubu, lenzi ikainama upande mmoja, nikaachia mkono, ikachomoka ikaanguka mapajani. Nikaleta rula ya mtoto: mrija wa lenzi milimita 24 na nusu, tundu langu milimita 31 na kidogo. Ni ule mrija mwembamba wa zamani, 0.965 ya inchi, uliokuwa ukitumika sana kwenye darubini ndogo za Kijapani. Haukosi dawa. Kuna ringi za kuunganisha zinauzwa, ni kitu kidogo tu. Mfanyabiashara mwenye adabu angesema: "Samahani dada, tumekosea, tutakutumia ringi." Maneno hayo yangemgharimu nini?

Nikapiga. Kwanza akaniambia nimeingiza vibaya. Nikamsomea vipimo. Akasema nizungushie karatasi. Nikamwambia karatasi itapinda, lenzi haitakaa katikati na picha itaharibika. Kimya kidogo, halafu ndipo likaja lile: dada, mpe mwanamume hapo nyumbani akufungie. Nikamuuliza, huyo mwanamume ataupanua mrija kwa meno? Akasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akakata. Nilipopiga tena namba yangu ilikuwa imefungiwa.

Ananiambia hivyo mimi! Nyumbani kwetu aliyekuwa akijua Kilimia inachomoza lini na upepo unageuka lini alikuwa bibi yangu, na babu yangu aliyekuwa nahodha alikuwa akimuuliza yeye kabla ya kutweka tanga. Haya, tuyaache hayo.

Nimeanza kuandika nikiwa nimeshaamua: nyota moja, tena kwa ajili ya sponji. Lakini kuna lililofuata, na nisipolisema nitakuwa sikutenda haki.

Mtaani kwetu kuna fundi wa nakshi, kazi yake milango na viti. Nilimpelekea lenzi na kile kiwiko. Hakuuliza maswali mengi. Akapima kwa kipimio chake, akaokota kipande cha mti kilichobaki kwenye fremu ya mlango, akakichonga ringi: nje inakaa kwenye tundu langu bila kucheza, ndani inashika mrija mwembamba sawasawa. Akatoboa upande akatia kiskrubu cha shaba. Akapiga msasa, akapuliza vumbi, akaniuliza ni ya kuonea nini. Nikamwambia nyota. "Basi usiku nitakuya nione," akasema, na pesa akakataa kuzishika mpaka ahakikishe.

Usiku ule umeme ulikatika mji mzima, na kwa mara ya kwanza nililishukuru giza. Siku za umeme hunilazimu kujifunika leso kichwani mimi na darubini pamoja ili taa za pwani zisiniingie jichoni. Tukaelekeza kwa Zohali kwa lenzi ya 20, tukabadilisha, tukatia ya 12.5. Mara 56. Nikazungusha fokasi taratibu, doa la mwanga likajikusanya, likajikusanya, na pete ikajitenga. Pete kweli, upande huu na upande huu, na kando yake nukta moja hafifu, ule mwezi wake mkubwa, Titani. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Fundi alipotazama akaichomoa lenzi, akaigeuza kwenye mwanga wa simu yake, akaipekua akitafuta picha iliyobandikwa. Hakuikuta. Ikabidi tuitafute Zohali upya.

Kwa hivyo, lenzi si mbovu. Inaniuma kulisema. Kwenye mrija wake imeandikwa H, yaani Huygens, muundo wa huyo Mholanzi wa karne ya 17 ambaye ndiye aliyeigundua Titani yenyewe, mwaka 1655. Ni muundo wa kizamani na wa bei rahisi, na kwenye darubini fupi nene ungetoa picha chafu pembeni. Lakini kwenye darubini nyembamba ndefu kama yangu, urefu wa fokasi mara kumi ya upana wa kioo, unajikaza. Eneo linaloonekana ni finyu, nakubali. Baadaye binamu yangu wa Malindi aliniazima Plössl yake ya 10, lenzi ya muundo bora zaidi, na hapo tofauti niliiona: kama umetoka kwenye tundu la ufunguo ukafungua mlango wenyewe. Picha kali hadi karibu na ukingo, na mikanda miwili ya Mushtara ikatulia. Mwenye pesa ya lenzi moja anunue Plössl moja ya 10 au 12, aachane na seti. Ila asikimbilie Plössl ya 4. Jina zuri halipanui tundu la kuchungulia, kope zitagusa kioo vilevile.

Ya 4 ya kwenye seti ni ndugu wa ile yangu ya kwanza, balaa nambari mbili. Ile Barlow ni plastiki, kioo na mwili. Niliijaribu juu ya mwezi nikaona rangi ya zambarau na uji. Na kwa unyevu na chumvi ya huku kwetu sponji yao nzuri ilishaanza kunuka ukungu, nimeitupa, lenzi nazihifadhi kwenye kopo la biskuti lenye mchele mkavu. Basi hata ile nyota ya sponji naifuta.

Nikifikiria Zohali ya usiku ule naona niwape tatu. Nikikumbuka kile kicheko cha nyuma ya simu narudi kwenye moja. Fundi ndiye nampa tano, naye hata duka la mtandaoni hana. Mtakaonunua kwa yeyote, msikubali "inaingia zote". Mwambieni aweke rula juu ya mrija apige picha awatumie, kabla pesa haijatoka.

Barlow na ile ya 4 nazitoa bure kwa anayezitaka, nauli ya boti juu yake. Ya 12.5 msiniulize. Haitoki.