Kubadilisha taito ya marehemu baba: uzoefu wangu na ile kaunta ya ofisi ya ardhi

Nimekaa na hii kitu kwa roho nikingoja hasira iishe na haijaisha, kwa hivyo wacha niandike. Ni ofisi ya ardhi ya kaunti moja huku Western, jina sitaji.

Baba alituacha na ekari mbili na kidogo. Kortini tulikuwa tumemaliza, granti (ile karatasi ya korti ya kusimamia mali ya marehemu) imekonfamiwa, imebaki tu shamba litoke jina lake liingie la mama. Nikatoka Kisumu na matatu ya alfajiri, nikampata mama kwa steji, saa mbili tuko kwa laini. Alikuwa na kila kitu ndani ya kikapu, cheti cha kifo, granti, taito ya zamani, kopi za kitambulisho, picha za pasipoti, amevifunga kwa nailoni mvua isiguse.

Kijana wa kaunta hakuinua hata macho. Akazunguka dakika mbili, akarudi: "Faili haionekani." Sasa mama sikio lake moja halishiki vizuri, akainama pale kwa dirisha akamwambia, "Rudia, mwanangu." Yule akapaaza sauti ofisi nzima ikasikia, "Mama, nimesema faili haionekani! Ama wewe ni kiziwi?" Watu wawili watatu kwa laini wakacheka. Mama akasema asante. Asante jamani! Akaanza kufunga zile karatasi polepole, mikono ikitetemeka, na mimi nimesimama tu hapo kama mti, sikusema kitu, mpaka leo sijui kwa nini.

Tulirudi. Safari ya pili tukaambiwa tulete konsenti ya landbodi, yaani kibali cha bodi ya ardhi, tukapoteza zaidi ya mwezi tukingoja kikao, kumbe hiyo sheria ya landbodi yenyewe, Sura 302, inasema shamba la urithi lisilogawanywa halihitaji konsenti. Wakili ndiye alikuja kuniambia. Na hapo nje kwa geti broka mmoja alikuwa tayari ameniambia nikimpa elfu tano faili "itaonekana" kabla ya lanchi.

Lakini wacha niseme ukweli, wote si wabaya. Safari ya tatu kuna mama mmoja wa hapo ndani alimwona mama yangu kwa benchi, akamfuata mwenyewe, akakaa upande wa lile sikio zuri, akamuuliza, "Mama, umesaidiwa?" Akachukua namba ya shamba, haikufika dakika kumi akarudi na faili. Baada ya wiki kadhaa taito ikatoka, jina la mama liko sawa hadi herufi ya mwisho. Kwa huyo mama ningewapa alama zote, na nilikuwa nimepanga kuandika kwamba huduma si mbaya sana ukiwa na subira.

Sasa nikikumbuka faili ilitoka wapi, hapana, siwezi. Ilikuwa kwa kabati nyuma ya kiti cha yule kijana! Nyuma yake! Kama una mzazi mzee usimwache aende peke yake huko, na ukiambiwa leta konsenti uliza kwanza ni sheria gani inasema hivyo.

Taito mama ameiweka chini ya godoro. Hiyo siku haiongelei. Lakini nimeona siku hizi mtu akimwongelesha na hajasikia, haulizi tena, anatingisha tu kichwa.