Suruali ya baridi kwa waendesha pikipiki Mtwara na Lindi, ipi ununue kwanza

Mtu wa Njombe akisikia mtu wa Mtwara analalamika baridi atashangaa, lakini apande pikipiki saa kumi na moja alfajiri mwezi wa 7 kutoka Mikindani kwenda Lindi huku upepo wa kusi unavuma ndo atatuelewa. Na hapo ni pwani. Ukianza kupanda Kitangari kwenda Newala, au ukienda kwenye miinuko ya Rondo, ni habari nyingine kabisa, kuna ukungu na majani yote yana umande, na joto lenyewe linashuka kama digrii 6 kila ukipanda mita 1,000. Na msimu huu ndo watu wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, kazi ambayo inataka uwe shambani mapema kabla upepo haujachangamka, kwaiyo boda wanatembea gizani kila siku na wengi wamevaa koti zito juu, wengine wamelivaa kwa kuligeuza mgongo mbele, alafu chini kadeti tu. Magoti ndo yanapigwa na upepo wa kwanza kabisa jamani!

Kabla ya kununua elewa kitu kimoja, kinachokupoza ni upepo. Mwili unapasha joto ile hewa iliyoganda karibu na ngozi, upepo ukipenya unaiondoa na mwili unaanza upya, muda wote uko kwenye mwendo. Ndo mana suruali nzito ya pamba inaweza kukuacha unatetemeka na ya nailoni nyepesi ikakufaa. Ukiwa mtumbani weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu, kiganja kikiwa upande wa pili. Ukisikia hewa kwenye kiganja irudishe, hata kama inaonekana nene vipi.

Kwa huku kwetu namba moja naipa suruali ya kuvalia juu. Nazungumzia ile ya nailoni au poliesta isiyopitisha upepo, yenye bitana nyepesi ndani na zipu ndefu pembeni ya mguu kuanzia chini mpaka juu ya goti, ikifika kiunoni ndo bora zaidi. Sababu ni jua letu. Saa tatu asubuhi baridi imeshaisha, na suruali ambayo huwezi kuivua barabarani bila kuvua viatu utaichukia wiki ya kwanza tu na utaiacha nyumbani. Hii unafungua zipu, unaivua umesimama hapohapo Mtama, unaikunja unaifunga kwenye keria unaendelea na abiria wako. Inavaliwa juu ya jinzi au kadeti ya kila siku, kwaiyo chukua saizi moja au mbili zaidi, mana ikibana inaminya ile hewa ya ndani na joto linapotea. Iwe na lastiki au kamba ya kunata chini, upepo usipande mguuni na kitambaa kisiende kwenye cheni.

Namba mbili ni suruali yenyewe ya pikipiki, zile za mtumba zenye padi za magoti na nyonga. Kwa anayetoka Masasi kwenda Tunduru mpaka Songea, hii ndo namba moja yake na sibishani na mtu hapo, mana Songea mwezi wa 6 na wa 7 baridi yake siyo ya mchezo, na ukianguka kwenye lami kadeti haikusaidii chochote. Nyingi zina bitana ya joto inayotolewa kwa zipu, hakikisha ipo, wauzaji wengine wanaiuza peke yake. Toa padi uangalie kama imeandikwa EN 1621-1, hicho ni kipimo cha Ulaya cha padi za kuzuia mshtuko, kuna level 1 na level 2, ya pili inapunguza mshtuko zaidi. Padi iliyoanza kupukutika achana nayo. Ivae ukae kabisa kwenye pikipiki, kunja magoti uone padi inakaa juu ya goti au imehama pembeni, na kiuno kwa nyuma kisishuke kuacha mgongo wazi. Shida yake ni mchana, hata bila bitana inachoma ukiwa kijiweni umepaki.

Ya tatu suruali ya mvua ya plastiki. Bei yake ni rahisi kuliko hizo mbili na upepo haupiti hata kidogo, lakini jasho nalo halitoki, na maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa kwa mara 25 hivi, kwaiyo kwa safari ndefu unafika umelowa kwa ndani na baridi inakurudia palepale. Ivae safari fupi, juu ya traksuti ya manyoya, na kagua mshono wa katikati ya mapaja mana hapo ndo zinaanza kuchanika.

Zile pana za kuchezea kwenye theluji nazo zinaonekana kwenye mabalo ya mtumba. Joto zinalo, tena sana, ila kwa upana wake inagusa ekzosi kirahisi, na nailoni ikigusa ekzosi ya moto inayeyuka na inaweza kukunata kwenye ngozi, ndo mana naiweka ya nne. Ukiipenda mpe fundi cherehani abane miguu na ashone kipande cha jinzi nzito kwa nje upande wa ekzosi.

Jinzi na taiti ndani ndo ya mwisho. Najua ndo wengi wanavaa, na kwa kuzunguka Mtwara mjini kati ya Shangani na bandarini inatosha, lakini jinzi ni pamba, upepo unapita na umande ukiilowesha haikauki mapema. Kama hela imebana kabisa, nunua nailoni nzito mita moja na nusu hivi, fundi akushonee vipande viwili vya mbele tu, kutoka pajani mpaka chini ya goti, na lastiki za kufungia kwa nyuma. Magoti yakishazibwa utaona tofauti kesho yake asubuhi.