TAHADHARI: waya za zabibu zilizochomwa moto zinauzwa kama waya ngumu

Wakulima wenzangu wa zabibu hapa Dodoma, Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na huko kote, kuna jamaa anazunguka na kirikuu anauza waya za kutandazia mizabibu nusu bei, msinunue. Mi tayari nimeliwa, rola tano.

Na nilimuuliza kabisa, mbona hii rangi ya silva inabanduka na waya inanuka moshi? Akanijibu bila kupepesa, "mzee wangu tumezipiga moto ziwe ngumu zaidi, si unaona panga linavyofuliwa?" Nikaona inaingia akilini, nikalipa. Tukazikaza na kijana wangu mpaka zinalia, mizabibu ikapanda vizuri tu, vichala vilipoanza kujaa waya zikalegea katikati ya nguzo kama machela, tunakaza zinalegea, tunakaza zinalegea, mwisho zabibu zinaburuza chini kuku wanajipakulia.

Ndo nikampelekea kipande fundi wa kuchomelea hapa Area A, akacheka sana. Kumbe waya ya hivi ugumu wake unatokana na kuvutwa kiwandani ikiwa ya baridi, inapitishwa kwenye tundu dogo kuliko yenyewe, tena na tena, kila ikibanwa inazidi kukakamaa. Sasa ukiichoma ikapita nyuzi 500 hivi, ikawa nyekundu, halafu ikapoa taratibu kwenye majivu, ule ukakamavu wote unafutika, inakuwa laini kama waya ya kufungia nondo. Panga ni habari nyingine, lile lina kaboni ya kutosha na linazamishwa majini likiwa jekundu. Na ile rangi ya silva ni ya kufichia zinki iliyoungua, yaani ile ngozi ya kuzuia kutu, maana zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 tu, kwa hiyo kutu nayo iko njiani.

Kupima ni bure. Kunja kipande kidogo uachie, waya ngumu inaruka kurudi, iliyochomwa inabaki imepinda. Halafu ipinde kabisa ujaribu kuinyoosha, ile laini inagoma pale kwenye kona inabaki na nundu, kwa sababu ulipoikunja pale ndo pamekakamaa (hii ilinishangaza hata mimi).

Jamaa akikukatalia kukata kipande achana naye. Namba yake kwangu haipatikani tena. Rola iliyobaki nimeifanya ya kuanikia nguo na hata hapo blanketi likilowa linagusa chini.