Uzoefu wangu na seti ya vishikio vya ganda vya Redding kwa maganda ya .308

Anayejaza risasi kwa mkono akitumia maganda yaliyokwisha kufyatuliwa hutaka ganda la mwisho katika kundi litoke kwenye kalibu (chombo cha chuma kinacholibana ganda lirudie umbo lake) likiwa na vipimo vile vile vya ganda la kwanza. Kwa ajili ya bunduki yangu ya bolti (kitasa cha nyuma kinachofungwa kwa mkono) ya risasi aina ya .308 Winchester natumia seti iitwayo Competition ya kampuni ya Redding, yenye vishikio vya ganda, yaani vipande vinavyoshika kitako cha ganda linapobanwa, pamoja na kipimo cha Hornady cha kupimia bega (mteremko ulio kati ya mwili na shingo ya ganda) kinachofungwa kwenye kalipa, kifaa cha kupimia urefu. Naishi Montana, Marekani, ambako kazi hii ni halali na wawindaji wengi huifanya nyumbani. Msomaji aliye Kenya au Tanzania azingatie kwanza sheria za silaha za huko, ambazo ni kali zaidi.

Risasi inapofyatuliwa, ganda hupanuka likajaza chemba (sehemu ya bunduki ganda linamokaa), kisha hunywea kidogo tu. Likitumika tena na tena bila kurudishwa vizuri, bega husogea mbele hadi bolti ianze kufungwa kwa shida. Kalibu ya urefu wote hulirudisha bega hilo nyuma, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu bunduki ya bolti hutosheka na kurudishwa kwa takriban inchi 0.002, ilhali bunduki inayojipakia yenyewe huhitaji kama inchi 0.003 au 0.004 ili ifunge bila kukwama. Bega likirudishwa kupita kiasi, pini husukuma ganda mbele ndani ya chemba, kuta zake za mbele hushika chuma kwa nguvu ya mgandamizo, na sehemu iliyo karibu na kitako hulazimika kunyooka hadi igote kwenye uso wa bolti. Baada ya kurudiwa mara chache ukuta huwa mwembamba, mstari unaong'aa hujitokeza juu kidogo ya kitako, na ganda huweza kukatika vipande viwili. Mimi hupitisha ndani ya kila ganda la zamani waya mwembamba uliopindwa ncha. Ncha hiyo ikinasa kwenye mfuo, ganda hilo nalitupa.

Njia iliyozoeleka ya kurekebisha kiasi hicho ni kuzungusha kalibu juu au chini kwenye presi, mashine ya mpini inayosukuma ganda ndani ya kalibu. Kalibu nyingi zina hesi 14 kwa inchi, maana yake mzunguko mmoja kamili huisogeza zaidi ya inchi 0.07, na inchi 0.002 ni kama nyuzi 10 tu za mzunguko. Kuzipata nyuzi hizo kwa mkono, kisha kukaza ringi ya kufungia bila kuisogeza kalibu tena, ni kazi ya kubahatisha. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kalibu iliyoinuliwa hivyo huacha mwanya kati yake na kishikio. Presi yoyote hujikunja kidogo inapobana, na ganda gumu huikunja zaidi kuliko ganda laini, kwa hiyo mwanya huo hubadilika kutoka ganda hadi ganda na bega hubadilika nao. Vipande vyembamba vya chuma vinavyowekwa chini ya ringi huondoa tatizo la kuzungusha, lakini mwanya unabaki pale pale.

Vishikio vya Redding vinalikabili jambo hili kutoka upande wa pili. Seti ina vishikio vitano ambavyo kina chake kimeongezwa inchi 0.002, 0.004, 0.006, 0.008 na 0.010 kuliko kishikio cha kawaida. Kalibu hushushwa mpaka iguse kishikio kwa nguvu, hukazwa, na haiguswi tena. Anayetaka bega lirudi kidogo hutumia kishikio chenye nambari kubwa, kwa kuwa hulizuia ganda lisiingie ndani ya kalibu sana. Anayetaka lirudi zaidi hushuka nambari. Kila mara mpini unapofika mwisho, chuma kimegota kwenye chuma, na athari ya kujikunja kwa presi hupungua sana. Mimi nilianza na 0.010, nikashuka hatua kwa hatua huku nikipima, na bunduki yangu ikatulia kwenye 0.004. Anayetaka marekebisho ya inchi 0.001 moja moja hatayapata hapa, ingawa kwa bunduki ya kuwindia sioni haja ya kwenda mbali hivyo.

Bila kipimo cha bega, hata hivyo, seti hii haina maana. Namba inayosomeka kwenye kalipa si kipimo rasmi cha chemba. Kazi yake ni kulinganisha ganda lililotoka kwenye bunduki yako na ganda lile lile baada ya kubanwa. Praima (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) iliyotumika itolewe kabla ya kupima, kwa sababu ikichomoza hata kidogo huharibu usomaji. Vilevile ganda lililofyatuliwa mara moja tu mara nyingi halijajaza chemba kikamilifu, kwa hiyo ni afadhali kuchukua kipimo cha msingi kwenye maganda yaliyokwisha kutumika mara mbili tatu.

Lisilotibiwa na vishikio hivi ni ugumu wa shaba yenyewe. Maganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, na mchanganyiko huo huwa mgumu kila unapopanuka na kubanwa. Ganda lililokomaa hivyo hurudi nyuma kama springi baada ya kutoka kwenye kalibu, na bega lake hubaki mbele kuliko la ganda jipya. Maganda yangu ya umri mchanganyiko yalikuwa yakipishana hata pale kalibu ilipogota barabara. Tangu nianze kuyatenga kwa kiwanda na kwa idadi ya kufyatuliwa, na kupasha moto shingo na bega ili kuyalainisha, tofauti hiyo imepungua hadi karibu inchi 0.001, na naamini utaratibu huo umechangia si chini ya vishikio vyenyewe. Kitako kisipashwe moto kamwe, kwani ndicho kinachobeba mgandamizo.

Kilainishi nacho kina sehemu yake. Napaka nta ya Imperial kwa ncha za vidole, safu nyembamba iliyo sawa kwenye ukuta wa ganda, na kidogo sana ndani ya shingo ili tufe la kupanulia shingo, lililo ndani ya kalibu, lisilivute bega mbele linapotoka. Nta ikizidi kwenye bega huacha vibonyeo. Halafu nashikilia mpini chini kwa muda mfupi kabla ya kuuachia.

Kwa bei yake, seti hii ninaipendekeza kwa mtu ambaye tayari ana kipimo cha bega. Asiye nacho aanze na hicho. Kitako cha .308 kina kipenyo sawa na cha .243 Winchester, .30-06 na 6.5 Creedmoor, hivyo mwenye bunduki za namna hizo hahitaji kununua seti nyingine.