Nililipia mtumbwi wa kasia, wakaniletea mngurumo

Niseme mapema: Ziwa Bunyonyi, kule Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, halina kosa. Hasira zangu ni za vijana niliowalipa wanipeleke kutazama ndege, wakanipeleka kuwafukuza.

Kabla ya kutoka Kampala nilipiga simu mara mbili. Mara zote nikasema: mtumbwi, wa kuchonga, wa kasia. "Hakuna shida, nyabo," yaani mama. Ilikuwa kiangazi ndiyo kinaanza, mwezi wa sita hivi, na baridi ya Kabale mnaijua. Ziwa liko karibu mita 2,000 juu, ukungu umelalia maji, vidole vinakataa kushika darubini. Saa kumi na mbili na nusu niko Rutinda, panapopandiwa boti, na makoti mawili mwilini. Wao wakatokea saa mbili kasorobo, na boti ya injini.

Nikauliza mtumbwi uko wapi. Kijana mwongozaji, miwani ya jua usoni katikati ya ukungu ule, akajibu bila kunitazama: "Nyabo, ndege ni walewale."

Ndege ni walewale! Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Jina lenyewe la ziwa ni mahali pa ndege wadogo wengi, na ndege mdogo haingojei injini. Kila kona ya mafunjo tuliyoipita tuliona mikia tu. Mnandi mmoja, mdiria kwa mbali, basi. Kisha akatoa kispika, akaanza kupiga sauti ya yule kijindege wa njano anayeishi kwenye mafunjo. Mara ya kwanza, ya tano, ya kumi. Ndege akisikia sauti ya mwenzake hudhani kaingiliwa kwake, huacha kiota aje kugombana na spika. Nikamwomba azime. Akapunguza kidogo, kama anayembembeleza mtoto.

Lakini Mungu si Athumani. Tulipofika upande wa Muko, kwenye vinamasi vya ncha ya kaskazini, injini ikakohoa, ikafa. (Haya, nakubali: kwa kasia tusingefika Muko siku ile. Lakini nani alisema nataka Muko?)

Kijana akasimama na simu juu, anasaka mtandao. Mzee aliyekaa nyuma, ambaye asubuhi yote kazi yake ilikuwa kuchota maji yaliyovuja na kuyamwaga nje, akachukua kasia. Kiswahili chake ni kile cha jeshini: "Mama, kaa kimya. Watakuja." Akatusogeza kando ya mafunjo, akaliweka kasia magotini.

Wakaja. Korongo taji wawili walishuka ukingoni, karibu hivi kwamba nilisikia miguu yao ikikanyaga majani. Ndege huyu nimemwona kwenye bendera yetu ya Uganda tangu shule na kwenye jezi za Cranes, timu yetu ya taifa ya soka, kumbe sikuwa nimemwona kabisa. Mmoja akainama, wa pili akainama, kisha wakarukaruka mabawa wazi. Nililia, ndiyo, ndani ya boti bovu. Mzee akanyoosha kidole nyuma yao, kwenye shamba la viazi: pale palikuwa mafunjo, akasema, na korongo walikuwa wengi.

Sasa hawa niwape nyota ngapi? Nilianza na moja. Halafu nikawaza, injini isingekufa nisingeona kitu, kwa hiyo niwashukuru kwa kutoitengeneza? Boti ya kutuvuta ilipofika, kijana akanigeukia: "Si umewaona?" Na akaomba ya soda!

Nikaweka nyota mbili, zote za mzee. Kisha nikakumbuka noti niliyomtia mzee mkononi tulipofika nchi kavu, na kijana akisema, "Hiyo tunagawana." Nimefuta moja. Mzee anisamehe.