Fundi wa Mbarara aliyetutengenezea AC ya kupasha joto hapa Kabale

Kama uko Kabale, Kisoro ama kokote huku Kigezi, Uganda, na umefungiwa AC mpya ya inverta, ile inayopoza na kupasha joto pia, soma hii kabla hujaruhusu mtu aguse gesi. Huyu fundi tuliyemtoa Mbarara nampa nyota tano, na alianza kuzipata kwa simu tu kabla hajapanda gari, alipouliza: "Mzee, huyo alipopima presha mashine ilikuwa kwenye baridi au kwenye joto?"

Maana yule wa kwanza aliyeifunga, mama alipolalamika kwamba asubuhi chumba hakipati joto, alikuja akachomeka geji kwenye paipu nene kule nje, mashine inapasha joto, mshale ukapita psi 300 (psi ni kipimo cha presha) akasema gesi imezidi akaifungulia ikatoka hewani. Ati R22, gesi ya AC za zamani, anaijua miaka mingi, upande ule presha ni 65 mpaka 70 basi. Lakini mashine yetu ni ya gesi nyingine, R410A, imeandikwa kwenye kibati ubavuni! Hiyo hata ikiwa kwenye baridi inacheza kama 115 mpaka 130 psi, na ukiiweka kwenye joto kuna valvu inageuza njia ya gesi, ile paipu nene iliyokuwa inarudisha gesi kwa kompresa sasa ndiyo inabeba gesi ya moto inayotoka kwa kompresa, kwa hiyo 300 na zaidi hapo ni kawaida kabisa. Baada ya hapo ikawa inapuliza vuguvugu tu na koili ya nje inashika barafu. Iliniuma sana, kitu kipya kile.

Wa Mbarara hakukimbilia kuongeza gesi. Alisema mashine ikiwa imezimwa presha inafuata joto la hewa tu, ilimradi bado kuna gesi ya majimaji ndani, kwa hiyo inaweza kusoma vizuri na kumbe nusu imeshaisha. Akainyonya yote iliyobaki akaiweka kwenye mtungi, akajaza naitrojeni, akapaka sabuni kwenye nati zote na moja ikatoa povu, mdomo wa paipu ulikuwa umepanuliwa vibaya. Kumbe tatizo la mama lilikuwa hilo tangu mwanzo, gesi ilikuwa inavuja, haikuzidi. Akakata akaupanua upya, akakaza kwa spana ya kupima nguvu.

Halafu vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyo ndani ya paipu, na hapa ndipo nilimwamini kabisa. Kabale tuko juu, karibu mita 2,000, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo geji ya kawaida huku haifiki inchi 30, ile namba ya vakyumu kamili kule usawa wa bahari, hata pampu iwe nzuri namna gani, inagota kwenye 23 au 24 hivi, na fundi asiyejua atadhani pampu imekufa au mfumo unavuja. Yeye alikuja na kipimo cha dijitali cha maikroni, kinachopima hewa kidogo sana iliyobaki ndani, akangoja mpaka ikashuka chini ya 500, akafunga pampu akakaa akiangalia kama itapanda tena. Gesi akaipima kwa mizani, gramu za kwenye kibati, akaongeza za urefu wa paipu uliozidi kama kitabu kinavyosema, mtungi kaupindua ili itoke majimaji kwa sababu R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili na ukiichukua kama mvuke uwiano unaharibika. Presha aliziangalia mwisho kabisa, tena akaiweka kwanza kwenye hali ya majaribio, maana inverta inabadilisha mwendo wa kompresa na namba zinapanda zinashuka zenyewe.

Sasa joto linatoka la kweli, mama anakunywa chai yake ya asubuhi hukohuko bila blanketi.

Ubaya wake: alisema atafika asubuhi akafika saa tisa, na si wa bei rahisi, laki nne na nusu pamoja na gesi na usafiri. Kwangu ni sawa, kompresa mpya ingekula zaidi ya hapo mara nyingi. Ametuandikia kwenye karatasi gramu alizojaza na presha alizosoma, ya baridi peke yake na ya joto peke yake. Ukimpigia mtumie picha ya kile kibati na umwambie paipu ina mita ngapi, atakuja na mtungi sahihi, kama mashine yako ni ya gesi ya R32 mwambie mapema kabisa kwa sababu ile inashika moto na anabeba vifaa vingine.