Protein Data Bank kwa mwenye kuchunguza vimeng'enya vya selulosi

Kwa mwalimu au mwanafunzi wa biokemia anayetaka kuona kwa macho jinsi selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi inayojenga kuta za seli za mimea, inavyovunjwa, sijapata huduma inayoizidi Protein Data Bank, hifadhi ya miundo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971 katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ikiwa na miundo 7 tu, na ambayo leo ina zaidi ya 200,000. Haidai malipo wala usajili, na muundo hufunguka ndani ya kivinjari.

Ubora wake naupima kwa Cel7A, kimeng'enya kinachokata selulosi, cha Trichoderma reesei, kuvu iliyopatikana katika Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikiozesha mahema ya pamba ya jeshi la Marekani. Ukitafuta 4C4C, msimbo wa muundo wake mmojawapo katika hifadhi hiyo, na kuzungusha umbo taratibu, utaona handaki lenye urefu wa takribani nanomita 5, na ndani yake mnyororo wa glukosi 9 umepenya kama uzi katika tundu la sindano. Karibu na mwisho wa handaki hilo ndipo penye ukataji: asidi glutamiki (aina ya asidi amino) iliyo namba 212 katika kimeng'enya hushambulia kaboni ya kiungo kati ya glukosi, namba 217 hutoa protoni ili kiungo kiachie, na hapo hutoka selobiosi, yaani glukosi mbili zilizoshikana. Katika 4C4C watafiti waliigeuza namba 217 kuwa glutamini, asidi amino nyingine, kwa makusudi ili ukataji usifanyike, na ndiyo sababu mnyororo unaonekana mzima. Kisha fungua 1EG1, kimeng'enya ndugu cha kuvu hiyohiyo: vitanzi vya juu ni vifupi, handaki limekuwa bonde la wazi, nacho huweza kukata mnyororo katikati pasipo kungoja ncha yake ipenye kama katika handaki la Cel7A. Kwangu, ulinganisho huo peke yake unatosha kuipa huduma hii alama za juu.

Upungufu mkubwa ni kwamba Cel7A haionekani nzima. Sehemu ndogo ya asidi amino 36, inayoing'ang'ania selulosi kwa tirosini (asidi amino nyingine) tatu zilizojipanga upande mmoja, imewekwa mbali, katika 1CBH. Na utepe wenye sukari unaoiunganisha sehemu hiyo na ile yenye handaki haumo, kwa kuwa huyumba mno kuweza kutulia katika fuwele zinazotumika kupima muundo. Picha ya 4C4C haimwambii mgeni lolote kuhusu hayo, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Anayeanza asianze na 1CEL ya mwaka 1994, ijapokuwa ni maarufu, maana handaki lake halina mnyororo wa selulosi ndani.